MOTO UNASHUKA TOKA MBINGUNI, KUNI NI ZAKO

Somo kwa aliyeokoka leo na kwa aliyepoa

Soma kwanza: Walawi 6:8-13, Danieli 6:1-10, Marko 1:32-35



Karatasi hii umepewa hapa uwanjani. Huenda jana ulipita mbele, ukaongozwa sala ya toba, machozi yakakutoka. Huenda uliokoka zamani, na katika mkutano huu Bwana amekugusa upya, ukausikia tena moto ule wa kwanza. Haleluya! Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako.

Lakini hebu tuulizane jambo moja. Mkutano utaisha. Jukwaa litavunjwa, vipaza sauti vitapakiwa kwenye lori, wahubiri watakwenda mji mwingine. Uwanja utarudi kuwa wa mpira. Na wewe Jumatatu utaamka kwenye kitanda kile kile, katika nyumba ile ile, na majirani wale wale, na deni lile lile la dukani. Je, moto huo utakuwa bado unawaka?

Wengi huokoka kwa moto wa mabua. Unawaka kwa kishindo, kijiji kizima kinauona, na punde si punde yamebaki majivu. Vijana wa mjini wanaita nguvu ya soda. Mwezi wa kwanza mtu anaimba, anatupa sigara, anarudisha alichoiba. Mwezi wa tatu ukimwuliza habari za wokovu anaangalia chini. Shetani anamnong'oneza, "Unaona? Hukuokoka kweli wewe." Mwongo mkubwa huyo! Moto ulikuwa wa kweli. Kilichokosekana ni kuni.

MOTO NI WA NANI, NA KUNI NI ZA NANI?

Fungua Walawi 9:24. Pale jangwani, Haruni na wanawe walipoanza kazi ya ukuhani, moto ulitoka mbele za Bwana ukaiteketeza sadaka iliyokuwa juu ya madhabahu. Watu wote walipiga kelele na kuanguka kifudifudi. Hakuna mwanadamu aliyewasha kiberiti siku ile. Ulikuwa mkutano wa moto kweli kweli!

Sasa rudi nyuma kidogo, Walawi 6:12-13. Mungu anawaagiza makuhani kwamba moto wa madhabahu usizimike kamwe, na kila siku asubuhi kuhani aweke kuni. Umeona hapo? Mungu aliyeshusha moto, angeshindwa kushusha na kuni? Asingeshindwa. Lakini hakufanya hivyo. Moto alitoa yeye, kuni akamwachia mtu. Wala hakusema kuni ziwekwe siku ya sikukuu, au siku kuhani atakapojisikia. Alisema kila asubuhi.

Kuni hizo za kila asubuhi ndizo tunazoita nidhamu ya kiroho. Maneno mazito, lakini maana yake nyepesi: ni kufanya leo mbele za Mungu, hata bila kusisimka, kile ulichokifanya jana.

JE, HUKU SI KURUDI KWENYE SHERIA?

Mwingine atasema, "Aa, mtumishi, sisi tumeokolewa kwa neema. Mambo ya ratiba ni ya watu wa dini." Ni kweli tumeokolewa kwa neema, Waefeso 2:8-9 iko wazi. Kuni hazinunui moto. Rundika kuni mpaka zifike darini, kama moto haupo utabaki na rundo la kuni tu. Yule Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, akatoa zaka kwa uaminifu, na bado alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Alikuwa na kuni nyingi, moto hana.

Sisi tunaweka kuni kwa sababu moto umeshashuka. Lakini mtu mwenye moto anayekataa kuweka kuni, eti anangoja neema, anacheza na zawadi ya Mungu.

Mtazame Yesu mwenyewe. Marko 1:32-34 inaeleza jinsi mji mzima ulivyokusanyika mlangoni jioni, akaponya wengi na kutoa pepo. Kazi ya kuchosha! Mimi na wewe tungelala mpaka jua kali. Mstari wa 35 unasema alifanya nini: aliamka alfajiri na mapema mno, kukiwa bado giza, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Usiku wa muujiza ulifuatwa na alfajiri ya maombi. Na Luka anatuambia mara mbili kwamba Yesu alikuwa na desturi: kuingia sinagogi siku ya sabato (4:16), na kwenda mlima wa Mizeituni (22:39). Kama Mwana wa Mungu alikuwa na desturi, wewe ni nani uishi bila desturi?

SASA TUFANYEJE?

Mama yeyote anayepika kwa kuni anaijua kazi hii. Usiku anafukia kaa. Asubuhi anachokoa majivu, analikuta kaa bado jekundu, anaweka kuni, anapuliza, moto unawaka. Hahitaji kwenda kwa jirani kila siku kuomba moto. Mfuate huyo mama.

1. ONDOA MAJIVU

Walawi 6:10-11 inasema kuhani alianza kwa kuondoa majivu ya usiku, kisha akayapeleka nje ya kambi. Majivu yakijaa jikoni, kaa linakosa hewa.

Majivu ni mambo ya jana uliyoyaacha moyoni. Ni lile neno ulilomtolea mke wako, ukalala bila kusema samahani. Ni kipimo ulichopunja sokoni. Ni ujumbe ulioufuta kwenye simu ili mwenzako asiuone. Ni deni linalokufanya upite njia ya nyuma ili usikutane na mwenye duka. Mpendwa, huwezi kunena kwa lugha juu ya majivu hayo ukategemea moto uwake!

Tubu kila siku, tena kwa kutaja jambo lenyewe. Usiseme, "Bwana nisamehe kama nimekosea." Sema, "Bwana, nimedanganya." Ahadi ya 1 Yohana 1:9 ni kwa wanaoungama. Kisha uyapeleke majivu nje: nenda kwa mtu uliyemkosea. Zakayo hakuishia kwenye machozi, alirudisha mali za watu (Luka 19:8). Kama huna pesa yote, peleka kidogo, mwambie mwenye duka ukweli, mpe tarehe, nawe uitunze tarehe hiyo. Huo nao ni uamsho.

2. WEKA KUNI

Kuni ni Neno la Mungu. Wengine wanaweka gogo zima siku moja, wanasoma Mwanzo mpaka usiku wa manane, kesho wamechoka, na Biblia inarudi juu ya kabati. Mungu anataka kuni za kila siku.

Hebu tufanye hesabu. Injili ya Yohana ina sura 21. Soma sura moja kwa siku, wiki tatu umemaliza. Injili zote nne zina sura 89, yaani karibu miezi mitatu. Agano Jipya lote lina sura 260. Soma sura moja Jumatatu mpaka Ijumaa, na kwa wiki 52 umemaliza sawasawa, kama vile limepimwa kwa mwaka! Mithali ina sura 31, kila tarehe ya mwezi ina sura yake. Na aliyekomaa, Biblia nzima ina sura 1,189. Akisoma sura 3 kila siku na sura 5 kila Jumapili, mwaka hauishi kabla hajaimaliza.

Anza na Yohana. Soma polepole, kisha jiulize: Hapa naona nini juu ya Mungu? Hapa naambiwa nifanye nini? Leo nitalifanyia wapi? Chukua mstari mmoja, uende nao shambani, kwenye daladala, kibandani, uwe unautafuna moyoni. Zaburi ya 1 inamfananisha mtu wa namna hiyo na mti uliopandwa kando ya maji.

Hujui kusoma? Usione haya. Imani huja kwa kusikia (Warumi 10:17). Mwambie mtoto akusomee sura moja kabla ya kwenda shule, naye atabarikiwa. Kama una simu, Biblia ya kusikiliza ipo. Ila hiyo simu uikemee kidogo asubuhi! Ukianza na habari za watu na picha zao, ukija kukumbuka Neno jua limeshapanda na kondakta anaita abiria.

3. PULIZA MOTO

Kuni bila kupuliza zitatoa moshi tu. Kupuliza ni kuomba.

Sisi Waswahili tuna bahati moja. Wayahudi wa zamani walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi. Kwa hiyo saa unazozisoma katika Matendo ya Mitume ni saa zako hizi hizi. Roho Mtakatifu aliposhuka siku ya Pentekoste ilikuwa saa tatu asubuhi (2:15). Petro alipanda darini kuomba saa sita mchana, na chakula kilikuwa bado kinaandaliwa (10:9-10). Petro na Yohana walikwenda hekaluni saa tisa, saa ya kusali (3:1).

Sasa sikia. Siku ile ya saa tisa, mlangoni palikuwa na kiwete tangu kuzaliwa, akasimama akaruka-ruka! Muujiza ule haukutokea kwenye mkutano uliotangazwa. Ulitokea watu wawili wakienda kwenye maombi yao ya kila siku. Wangekaa nyumbani siku ile, eti hawajisikii, yule kiwete angebaki pale chini.

Chagua saa yako. Asubuhi tafuta robo saa kabla nyumba haijaamka: dakika tano za Neno, tano za toba na shukrani, tano za kuombea watu kwa majina. Wewe mama lishe unayeamka saa kumi alfajiri kubandika maharage, muda wa kuchemka ni wako na Bwana. Wewe mlinzi wa usiku, zamu yako ni madhabahu. Kisha saa sita, nusu dakika tu, simama pale ulipo useme, "Bwana, bado niko na wewe." Robo saa ya kila siku ni bora kuliko mkesha mmoja kwa mwaka. Na mkesha ukifika, utaingia ukiwa tayari unawaka.

Na kufunga je? Kufunga ni siku ya kuongeza kuni. Chagua siku moja, acha mlo mmoja au miwili, muda ule wa kula uutumie kuomba. Usitangaze (Mathayo 6:16-18). Na kile chakula ambacho hukula, mpelekee mwenye njaa, maana ndiyo saumu anayoitaka Mungu katika Isaya 58:7. Lakini mama mjamzito au anayenyonyesha, mwenye kisukari, na anayemeza dawa za kila siku, asijiumize. Usiache dawa kwa sababu ya kufunga! Wewe funga maneno ya umbea, funga redio na simu kwa siku nzima, na Mungu atakusikia vile vile.

4. USIWE KIJINGA KIMOJA

Chukua kijinga cha moto, kitoe jikoni, kiweke peke yake nje. Kitafuka moshi, kitanyamaza, kitazima. Kirudishe kwa wenzake, kinashika tena. Ndiyo maana Waebrania 10:25 inatuonya tusiache kukusanyika.

Tafuta kanisa linalohubiri Neno, juma hili hili. Usingoje uwe na nguo nzuri. Na zaidi ya ibada ya Jumapili, tafuta mtu mmoja, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, ambaye ana ruhusa ya kukuuliza kila juma: "Ndugu, umeomba? Umesoma? Lile deni vipi? Nyumbani kuna amani?" Mtu asiyeulizwa na yeyote yuko hatarini.

WALIOWEKA KUNI MIAKA MIA

Je, jambo hili linafanya kazi? Sikia habari hii ya kweli.

Huko Ujerumani kuna mahali panaitwa Herrnhut. Mwaka 1727 kilikuwa kijiji kidogo cha wakimbizi waliotoka Moravia kwa ajili ya imani yao, na walikuwa wanagombana vibaya. Tarehe 13 Agosti mwaka ule, katika Meza ya Bwana, Roho wa Mungu aliwagusa wakapatana. Huo ulikuwa moto.

Wangeweza kubaki wanasimulia tu habari ya siku ile. Hawakufanya hivyo. Tarehe 27 Agosti, wiki mbili baadaye, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za usiku na mchana, kila mmoja akashika zamu yake ya kuomba. Watu wa kawaida tu, wenye kazi zao. Zamu hiyo ya maombi iliendelea zaidi ya miaka 100! Mwaka 1732 wamisionari wao wa kwanza walikwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani kuwahubiri watumwa. Na mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Ukipita Mbeya au Tabora ukaliona kanisa la Moravian, kumbuka kwamba nyuma yake kuna watu walioshika zamu yao usiku, mtu mmoja, saa moja, kila siku.

SIKU YA TUNDU LA SIMBA

Mpendwa, nidhamu si jambo la kujipamba. Kuna siku inakuja.

Danieli alikuwa uhamishoni zaidi ya miaka 60 ilipotoka amri kwamba asiombwe mungu yeyote ila mfalme. Danieli 6:10 inasema alipojua kwamba andiko limetiwa sahihi, aliingia nyumbani kwake, madirisha yakielekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Hakuanza kuomba siku ile. Siku ile alikuta magoti yameshaizoea njia. Kama angekuwa anaomba kwa msimu, amri ile ingemkuta msimu wa kiangazi.

Tena angalia mstari wa 4. Adui zake walianza kumchunguza kazini. Walitafuta kosa kwenye hesabu za serikali wakakosa. Kumbe nidhamu ya chumbani ilionekana ofisini! Kama unaomba saa nzima lakini unachelewa kazini kila siku, au unakula pesa za kikundi, rudi kwenye hatua ya kwanza ukaondoe majivu.

Tundu lako la simba silijui. Inaweza kuwa karatasi ya majibu kutoka hospitali. Inaweza kuwa barua ya kuachishwa kazi, au msiba wa ghafla, au mtu mwenye pesa anayetaka usaini uongo. Siku hiyo hakuna muda wa kwenda kuokota kuni. Utapikia zile ulizonazo.

UKIANGUKA JE?

Utakosa siku moja. Pengine tatu. Mtoto ataugua, safari itatokea, au utalala tu. Hapo Shetani atakuja na neno lake: "Umeshaharibu, acha tu."

Usimsikilize! Usijaribu pia kulipa deni la sura zote ulizokosa kwa siku moja. Kumbuka mana katika Kutoka 16. Ilikuwa ya kila asubuhi. Waliojaribu kuiweka mpaka kesho ilitoa mabudu ikanuka, ila ile ya kuamkia sabato. Lakini asubuhi nyingine ilikuwapo mpya. Mungu hakuwafungia mbingu. Basi nawe usihesabu siku zilizopotea. Anza na ya leo. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba, na tena huinuka.

SIKU SABA ZA KWANZA

Usiseme nitaanza mwezi ujao. Anza kesho.

- Leo usiku: andaa kuni. Weka Biblia mahali utakapoiona, chagua saa, mwambie mtu mmoja saa hiyo.
- Siku ya 1 mpaka ya 5: robo saa alfajiri, Yohana sura ya 1 mpaka ya 5.
- Siku ya 3: nenda kwa mtu mmoja uliyemkosea.
- Siku ya 6: Yohana 6, acha mlo mmoja, omba, mpe mwenye njaa.
- Siku ya 7: Yohana 7, nenda ibadani, msalimie mchungaji, umwambie, "Mimi ni mgeni, nataka kukua."

Ukimaliza siku saba, rudia saba nyingine. Ndivyo moto unavyotunzwa.

Na wewe ambaye hujampa Yesu maisha yako, usianze na kuni. Anza na moto. Omba sala hii kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, ingia moyoni mwangu. Washa moto wako ndani yangu, na kila asubuhi unipe nguvu ya kuutunza. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umeomba hivyo, umeokoka! Mwambie mhudumu aliye karibu nawe hapa uwanjani. Na usiku wa leo, kabla ya kulala, andaa kuni za kesho.

Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe jirani yako.